Sweta Lililo Kwenye Picha ni Langu

Jumatano iliyopita nilikuwa jikoni nachambua mchicha, simu ikaanza kulia mfululizo kwa mlio ule wa grupu la ukweni. Grupu lile likilia hivyo ujue kuna msiba au kuna mchango. Kumbe hakuna aliyekufa, ni mume wangu. Kapandisha picha yake ya Irente, kule Lushoto, kasimama karibu na ukingo wa genge, mikono kaitandaza kama kunguru anayeanika mbawa, nyuma yake bonde limejaa ukungu. Chini kaandika: "Siku nne, kibegi kimoja. Siri ya safari ni kubeba kidogo."

Wifi mkubwa akaweka vikaragosi sita vya kucheka. Wifi mdogo akaandika, "Mwambie na mwenzio, maana siku ile tulidhani mnahama." Shemeji mmoja, ambaye nguo zake anafuliwa na mama yake mpaka leo, akamwomba kaka afungue darasa.

Nawaomba wote wenye picha ile waikuze kidogo, waangalie kifuani. Lile sweta la kijivu ni langu. Nililichambua mwenyewe kwenye mitumba ya Ilala, na vifungo vyake vimeshonwa upande wa kike kwa sababu ni sweta la kike. Limembana kwapani mpaka limemfanya aitandaze mikono vile. Wenzangu mlidhani ni furaha ya mandhari?

Nimekaa kimya siku tatu. Leo naandika.

Safari yenyewe ilikuwa ya Saba Saba. Mwaka 2025 Saba Saba iliangukia Jumatatu, tukaiunga na Ijumaa, watoto tukawaacha kwa bibi yao, tukaenda Lushoto sisi wawili tu. Na hapo hapo niwajibu mawifi: nusu ya mzigo mliouona ukishushwa kwenye bajaji ulikuwa wa wajukuu wa mama yenu. Nguo zao, dawa ya kikohozi ya mdogo, madaftari ya mkubwa, na ule mto ambao bila huo halali mtu nyumba nzima. Kibegi kimoja hakikuwa na hata soksi ya mtoto.

Mimi nilianza kupanga Jumanne. Kupanga siku tatu kabla kunachekwa sana, ila nguo ifuliwe, ianikwe, ikauke, inyooshwe, na Julai hii hata Dar jua lina mapozi. Yeye alipanga Ijumaa alfajiri, saa kumi na moja kasoro, bajaji inaunguruma nje. Dakika saba. Kibegi cha mgongoni alichopewa kwenye semina, fulana mbili, boksa, kaptula. Chaja akaiacha imechomekwa ukutani, naiona. Kisha akasimama mlangoni, kibegi begani, anatazama saa kama meneja wa stendi: "Mama Nuru, wewe bado tu?"

Kaptula. Lushoto. Mwezi wa saba.

Baridi ya Lushoto haijaanza jana. Mji uko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Wajerumani walipochoka kuloa jasho huku pwani walikimbilia kule kule, wakauita Wilhelmstal, wakajenga. Kila mtu aliyepita Mombo usiku anajua ukipandisha ile barabara ya kona, kilomita thelathini na ushei, hewa inabadilika kabla hujafika Soni. Lakini mume wangu aliangalia nje ya dirisha la Tabata, akaona mnazi umetulia, akafunga zipu.

Kwenye basi sikumwona mtu mwenye raha kama yeye. Kibegi kakipakata, miguu kanyoosha, mimi namgombeza konda asirushe begi langu kwenye buti maana lina chupa ya mafuta. Juu ya mlango wameandika Abiria Chunga Mzigo Wako. Akanisomea kwa sauti na kucheka.

Raha ile ilikwisha Mombo. Kala chipsi kuku pale basi liliposimama, na kabla hatujaanza kupanda mlima kashika tumbo. Ndipo lilipoanza lile neno. "Mama Nuru, umebeba kidonge cha tumbo?"

Umebeba. Ningekuwa na shilingi mia kwa kila "umebeba" ya siku zile nne, ningemnunulia sweta lake jipya, tena la kiume. Umebeba dawa ya meno? Umebeba taulo la ziada? Umebeba kitu cha kukatia kucha? Umebeba chaja, maana yangu sijui nimeiweka wapi? (Iko ukutani, Tabata.) Usiku wa kwanza tumelala, blanketi mbili, nasikia kitanda kinatetemeka. Nikajua ni basi linapita. Halafu nikakumbuka barabara iko mbali. Sauti ikatoka chini ya shuka, ndogo, ya mtu aliyeacha ubishi: "Hukubeba lile sweta lako la kijivu?"

Nililibeba. Nilibeba na soksi nzito pea mbili, na kitenge cha kujifunga begani, na themosi. Akavaa sweta, akavaa soksi, akajitanda kitenge, akaomba chai. Asubuhi katoka nje kwenye umande, kashika kikombe changu cha bati, anamsimulia mgeni wa chumba cha jirani kwamba yeye huwa hapendi mizigo.

Hoja yangu ni moja tu, na nitaing'ang'ania. Hakuna mwanamume mwenye mke anayesafiri na kibegi kimoja. Ana mabegi mawili, moja liko begani kwake, la pili liko kwa mtu mwingine, na hilo la pili ndilo analolicheka. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilipokuwa mdogo sikuielewa, mpaka bibi aliponitwisha mto wa sufi kutoka chini ya mti hadi nyumbani nikaona kweli ni kama kubeba hewa. Ndivyo alivyolichukulia begi langu. Lina sufi, lina upepo, lina mambo ya wanawake. Halafu usiku linatoa soksi.

Na kilo ni sehemu ndogo. Kilichonichosha ni kukumbuka. Tangu Jumanne kichwa changu kilikuwa kinazunguka: tumbo lake haliwezani na mafuta ya njiani, miguu yake hupata baridi kwanza, akikosa usingizi hununa, Jumapili tutapita kwa shangazi yake. Nilikuwa nampangia yeye ndani ya begi langu bila hata kujijua. Yeye alikuwa anaangalia mpira. Ukimwuliza atakwambia hakuniomba. Ni kweli, hakuniomba. Hajawahi kuhitaji kuomba.

Huyo shangazi sasa. Anakaa Soni, ni mdogo wake wa mwisho baba mkwe, na hajamwona Baba Nuru tangu harusi yetu. Tumefika, tumekaribishwa ndani, tumekaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, mazungumzo ya hali za wagonjwa yamekwisha. Pakawa na ule ukimya mnaoujua, ule wa mikono mitupu. Nikamwona mume wangu anaangalia kibegi chake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aligundua kwamba ndani hamna kitu. Nikafungua langu: doti ya kanga, sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni za mche. Nikampa mkononi yeye, kwa sababu ndiye mtoto wa nyumba. Akainuka, akavipokeza kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo: "Shangazi, shikamoo tena. Si vingi, nimekuletea hivi."

Nimekuletea!

Shangazi akatokwa na machozi, akamshika kichwa, akamwombea dua ndefu ya riziki na watoto. Mimi nikaitikia amina.

Kwenda ni kumoja, kurudi ni kwingine. Mgeni wa Usambaa haachiwi aondoke hivi hivi. Wakati wa kuaga shangazi katoa viazi nusu gunia, karoti zenye udongo wake, maparachichi yaliyofungwa kwenye gazeti. Baba Nuru akatazama kibegi cha semina, akatazama viazi, akanitazama mimi. Zamani angekimbia dukani akaomba rambo mbili, lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ile ilishapigwa marufuku, na ile mbadala ukiweka viazi inaachia kabla ya geti. Nikavuta kutoka chini ya begi langu mfuko wa shangazi kaja nilioukunja toka Dar, ule wa mistari ya buluu na nyekundu, nikaukung'uta. Shangazi mwenyewe akacheka kwa jina lile mpaka akakaa chini. Viazi vile ndivyo vilivyoliwa ukweni wiki nzima, mawifi wakiwa wa kwanza kusifia kwamba viazi vya Lushoto havina mfano. Mlidhani vilikuja ndani ya kibegi kimoja?

Kuna wanaosema dawa ni "tutanunua hukohuko". Chaja alinunua hukohuko, Mombo, ikafa Jumamosi mchana. Taulo angenunua hukohuko pia, la tatu katika ndoa hii, kwa hela ileile ya nyumba ninayoibania mimi.

Haya, nami niwe mkweli, kwa shingo upande. Nilibeba pasi. Sijui ilikuwaje. Hatukuwa na mwaliko wowote wa pasi, nayo ilikwenda Lushoto ikarudi bila kuona umeme. Viatu pea tano pia vilizidi, hasa vile vya kisigino, maana mji wote ule ni kupanda au kushuka. Na lile begi yeye ndiye aliyelipandisha mlimani kutoka stendi hadi tulipofikia, kwa kichwa, bila kupumzika. Alinung'unika njia nzima lakini alilibeba. Hilo simnyimi.

Ila kuhusu nguo nyingi sirudi nyuma hata hatua moja. Baba Nuru katika picha zote arobaini na mbili za safari ile ana jinsi moja. Moja. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilionekana na dera lile lile Jumamosi na Jumapili, wifi mdogo akaniandikia pembeni: "Dada, kwema? Au begi lilipotea?" Mtu huyu huyu aliyesema tunahama! Mkitaka nibebe kidogo, kwanza muache kuhesabu madera yangu. Na kwa shangazi je, ningeingia na suruali ya kupandia mlima? Ningekuwa hadithi ya Soni mpaka mwakani.

Kuna rafiki yangu kanishauri safari ijayo nisimbebee chochote, nimwache aone. Nimelifikiria. Tatizo ni kwamba akiumwa tumbo ndani ya basi atakayekaa naye kiti kimoja ni mimi, na kitanda kikitetemeka ni changu pia.

Nimemsomea makala hii jana usiku kabla sijaipandisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kajilaza kwenye kochi. Akasema kwenye kibegi zilikuwa fulana tatu, si mbili. Nikamwambia nitarekebisha, halafu nimeamua nisirekebishe. Kisha akaniuliza Desemba tukienda Moshi kama nitakuwa na nafasi ya viatu vyake vya kanisani, kwa sababu kile kibegi, si unajua, ni kidogo.

Sweta bado liko upande wake wa kabati. Nililikuta asubuhi limekunjwa vizuri, juu kabisa.