Rangi haipimi boila
Kuna mwandishi anayedai kuwa garimoshi la mvuke lililolala miaka mingi kando ya ziwa likikwanguliwa kutu na kupakwa rangi, basi linawashwa moto na wageni wanapanda. Thubutu! Kutu inayoua iko ndani ya boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke), chini tumboni, pale maji ya mwisho yalipotuama. Nusu maji nusu hewa ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kwanza yatolewe mabomba ya moshi (yakiwa mapya unene wake ni kama milimita 3 tu), bati lipimwe kwa mawimbi ya sauti, na kila steyi (fito ya chuma inayoshikilia mabati ya boila yasitanuke) igongwe kwa nyundo: iliyokatika hulia butu. Kisha jaza maji hadi hewa yote itoke, upandishe presha taratibu kwa pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya presha ya kazi. Boila la pauni 200 kwa inchi ya mraba lifike 300. Maji, si hewa: bati likipasuka maji yanamwagika, hewa inalipuka. Na ile pamba ya kijivu iliyozungushiwa boila mara nyingi ni asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, wageni wasiisogelee. Mafundi wa zamani wa Mwanza, kwa unyevu huu wa ziwa mlikuwa mkilaza boila kavu lenye chokaa ndani ya kunyonya unyevu, au limejaa maji mpaka juu?