Siku niliyokuwa Kongo pale mjini Kigoma

Wakuu, dada yangu hajui kuomba, yeye anajua kutuma tu. Nipo kibandani kwangu Mwanga asubuhi, nimeshaifungua simu ya mteja vipande vipande mezani, akapiga, salamu hamna, "mdogo wangu mi nipo zamu wodini sitoki mpaka jioni, funga hapo nenda nyumbani kachukue sufuria la migebuka lipo jikoni ulipeleke shuleni kwa mpwa wako, saa nne liwe limefika, na hilo sufuria nililetewa kwenye kichen pati yangu kwahiyo lirudi na mfuniko wake." Afu akakata. Kwa msiojua, migebuka ni samaki wa ziwani kwetu.

Shule yenyewe ni hizi za intaneshno, ipo kule chini mjini, jina nalihifadhi mana ada ya muhula bado tunadaiwa. Sasa siku hiyo walikuwa na kitu wanaita Siku ya Mataifa, kila darasa linapewa nchi yake, linaweka meza, bendera na chakula cha hiyo nchi, afu majaji wanapita wanaonja wanatoa maksi. Darasa la tatu walipewa Ufaransa, masikini wazazi wao sijui walipika nini. Darasa la nne la mpwa wangu wakapewa Kongo. Nikacheka kwanza, intaneshno gani hiyo unapewa nchi ambayo jioni hewa ikiwa safi ukisimama ufukweni unaiona milima yake kule ng'ambo? Nusu ya wateja wangu wa simu ni Wakongo, vitenge tunavyovaa vyao, ngoma zinazopigwa kwenye baa jirani na kibanda changu kuanzia saa kumi na mbili jioni zao. Na migebuka ya mawese tunakula wao na sisi. Dada hakuhangaika hata kidogo, alipika kile kile anachopika kila Jumapili akakiita Kongo.

Akanitumia na meseji: "Ukifika getini sema tu Kongo, watakuelekeza. Vaa lile shati la kitenge ufanane nao."

Lile shati nilishonewa na fundi Mkongo hapo hapo Mwanga, lina tausi mmoja mkubwa mgongoni na wawili kifuani, huwa navalia harusi tu. Nikavaa, nikadaka boda, sufuria mapajani.

Kwa ambaye hajafika Kigoma, mtu akikwambia nipo town hupati shida kumtafuta. Kuna Lumumba, basi. Inatoka Mwanga kule juu, inateremka na miembe yake pembeni, maduka, mabenki, watu wa vocha, inashuka inashuka mpaka inaenda kugota stesheni, ile ya Wajerumani, reli ilifika pale 1914 na nadhani waliishia hapo kwa sababu mbele ni ziwa na hamna namna. Ukiwa unatazama ziwa, kushoto unaelekea Bangwe, kulia Kibirizi kwenye dagaa. Ujiji ndo hupiti huku, unakatia kule kule juu Mwanga. Ndo mji huo. Mgeni akipotea Kigoma mjini ujue alikuwa na sababu zake.

Tatizo la Lumumba ni mteremko, na tatizo la boda wetu ni kwamba akiona mteremko anazima injini ale mafuta bure. Tukawa tunashuka kimya kimya spidi inaongezeka, namwambia kaka taratibu nimebeba mchuzi, ananiambia kaza bro tunafika, mbele akakatiza mbuzi, jamaa akafunga breki, mfuniko ukaruka ukarudi, na mawese yakanimwagikia kuanzia kwenye mkanda mpaka gotini. Suruali ilikuwa ya kaki. Mnayajua mawese nyie, ile rangi haijui sabuni.

Basi nikafika getini nimeinamisha sufuria kuficha doa, tausi zangu kifuani, jasho linatoka. Mlinzi ni mzee wa mgambo, kofia ameikaza mpaka kwenye nyusi, nyuma yake kuna bango limeandikwa humu ndani ni Kiingereza tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Kongo."

Nilikuwa naendelea kusema nimeleta chakula cha darasa la nne, lakini yule mzee sikio lake lilishaondoka na lile neno la kwanza. Alisimama akabana visigino, akapiga saluti, akageukia ndani akapiga kelele mpaka kunguru wakaruka kwenye mwembe: "KONGO AMEFIKAAA!"

Kumbe bwana, siku hiyo walikuwa wanasubiri mgeni rasmi, mwalimu mkuu wa shule moja rafiki kutoka Kalemie, anavuka ziwa kwa boti. Boti ilichelewa. Gari la shule lilikuwa bandarini tangu alfajiri linamsubiri, dereva simu imezima chaji, na huku programu ishachelewa saa nzima, watoto wapo juani, wazazi wameanza kunung'unika. Mimi hayo yote nilikuja kuyajua baadae. Pale nilichoona ni hedmasta anakuja mbio, tai ipo begani, mikono ameinyoosha, "Bonjuu! Bonjuu mesye!"

Kabla sijajibu sufuria limeshatoka mikononi, madam wawili wamelipokea wamepiga goti, "ooo, zawadi kutoka Kongo", hilo linaenda ofisini. Mimi nimebaki na doa hadharani. Bahati kuna mtoto akanipa kibendera cha Kongo, nikakishika hapo mbele na sikukiachia tena mpaka mwisho wa sherehe.

Msidhani sikujitetea. Nilimvuta hedmasta pembeni nikamwambia, "Mwalimu samahani, mi ni mjomba wa mtoto wa darasa la nne, nimetumwa."

Akaniangalia, akatabasamu, akawageukia walimu wenzake. "Jamani mnasikia Kiswahili chake? Safi kabisa! Sio kile cha kule kwao. Umejifunzia wapi mesye?"

"Mwanga."

"Aaaa! Kumbe una ndugu Mwanga!"

Sasa hapo unafanyaje? Nikapelekwa meza kuu. Nimewekewa soda ya baridi, maji makubwa, karanga, kiti chenye kitambaa cheupe na utepe, na mimi tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Nikasema ngoja ninywe kwanza soda, ukweli utakuja ukiwa umeshiba.

Wakati naimalizia hiyo soda ndo nikamuona mpwa wangu kwenye mstari wa darasa la nne, macho yamemtoka. Namjua yule mtoto, hawezi kunyamaza. Lakini pale Kiswahili ni kosa, ukikamatwa unavalishwa kibao shingoni unashinda nacho siku nzima, kwahiyo akanyoosha mkono akasimama akasema kwa nguvu zote, "Madam! Hi izi mai anko!"

Madam akafurahi huyo. "Veri gudi! Evri vizita izi awa anko! Klap fo him!"

Shule nzima ikampigia makofi matatu, afu wakanigeukia kwa pamoja, "Gudi moni ankooo!" Mpwa wangu akakaa chini ameshika kichwa. Nilimuonea huruma, alisema kweli kwa lugha waliyoitaka wenyewe.

Hedmasta akachukua maiki. Akanisifia mpaka nikaanza kumheshimu huyo mtu anayesifiwa. Mara huyu ndugu yetu ameacha familia Kalemie, mara amepambana na mawimbi usiku kucha kwenye ziwa la pili kwa kina duniani (akataja na kina chenyewe, mita 1,470, watoto wakasema waaaa), muoneni hata nguo yake ina alama za safari. Macho yote yakashuka kwenye doa. Nikakikaza kibendera.

Nikapewa maiki. Wallahi nilisimama nikiwa na nia ya kusema ukweli, ila spika ikapiga ule mlio wa kutoboa masikio, watoto wakaziba masikio wakacheka, hedmasta akanipigia makofi ya kunitia moyo, na mdomoni kwangu kikatoka kile Kiswahili cha wateja wangu. "Batoto, jambo! Aksanti sana kwa kunipokeya muzuri!"

Uwanja ukalipuka. Nikaona duh, kumbe inalipa. Sasa nina maiki na Kongo siijui, nimefika Kibirizi tu, nikatafuta kichwani nina nini cha Kongo, nikakuta Lumumba. Nikawaambia hii barabara yenu kubwa munapita kila siku kwenda masomo ni jina ya mutu wetu, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, akaingia 1960 mwezi wa sita, miezi haikufika mitatu wakamutoa, Januari 1961 wakamuuwa. Kukawa kimya, nikaona madam mmoja anaandika kwenye daftari. Nikakolea. Nikawaambia ile ni barabara ya babu yetu, muiheshimu, muache kutupa maganda ya maembe, na nyinyi baboda muache kuzima injini kwenye muteremko! Wazazi waliokuja na boda walipiga makofi hayo. Hata leo naamini ilikuwa hotuba nzuri, basi tu.

Ningekaa hapo mambo yangeisha vizuri. Lakini kuna katoto ka darasa la pili, kana miwani, kakanyoosha mkono kakauliza kama mgeni anaweza kutuimbia wimbo wa taifa wa Kongo. Hedmasta akasema wazo zuri sana, wote tusimame. Wakasimama. Skauti wakapiga saluti. Mzee wa getini naye kule mbali akabana visigino.

Jamani. Wimbo wa taifa wa Kongo mi nautolea wapi? Kitu pekee cha kule ninachokijua kuanzia mwanzo mpaka mwisho ni rumba moja inayopigwa kila jioni kwenye ile baa jirani, maneno yake nayajua kwa sauti tu, maana yake Mungu ndo anajua. Nikaweka mkono kifuani juu ya tausi, nikafumba macho, nikaianza polepole, kwa huzuni, sauti ya kanisani. Ilitoka vizuri ajabu. Nikifumbua jicho moja naona wazazi wameinamisha vichwa, kuna mama anajifuta machozi kabisa.

Ila kule nyuma kulikuwa na mama Mkongo, anawapikia watoto uji hapo shuleni, yeye ameangukia ukuta, kanga mdomoni, mabega yanatetemeka. Baadae ndo akanitafsiria kwamba ule wimbo ni wa mwanaume anambembeleza mwanamke wa baa amrudishie suruali yake.

Nipo kiitikio cha pili, geti likafunguka, gari la shule likaingia. Akashuka mzee wa watu, mnene, suti ya bluu imelowa mpaka kwenye magoti, begi mkononi, amechoka na ziwa. Akasikia. Akasimama. Akaangalia uwanja mzima umepiga saluti unaimbiwa rumba na mtu mwenye tausi. Mi nilijua nimekwisha. Yule mzee akaweka begi chini, uso ukafunguka, akaamini kabisa ndo mapokezi yake yale, akaanza kuja huku anacheza, kiuno kinafanya kazi, mikono juu, na ubeti wa tatu akaudaka yeye kwa sauti nzito kunizidi. Watoto walipoona wimbo wa taifa unachezwa hivyo nani atawazuia? Shule nzima ikaingia kati. Skauti saluti ziliwaishia hewani.

Hedmasta akaniangalia mimi, akamwangalia mzee, akaniangalia tena mimi. Mlinzi akaja mbio kutoa taarifa, "Mkuu, Kongo wamekuja wawili!"

Niliulizwa maswali ofisini, sitayaelezea sana, ila mpwa wangu aliitwa kutoa ushahidi na safari hii akaruhusiwa Kiswahili. Kilichoniokoa ni yule mgeni mwenyewe. Alicheka mpaka akaomba maji, akasema tangu avuke hili ziwa hajawahi kupokelewa hivi. Afu akauliza hiyo harufu ni ya nini. Ilikuwa migebuka. Akafunuliwa, akala wanne akiwa amesimama, ananyonya vidole, anasema hii ni ya kwao kabisa, aliyepika lazima ana damu ya kule. Hedmasta kwa ile aibu yote akaona pa kujisafishia ni hapo hapo, akatangaza kwamba shule inamkabidhi mgeni zawadi hii, sufuria na vilivyomo. Nikafungua mdomo. Hedmasta akanitazama. Nikaufunga.

Meza ya darasa la nne majaji walikuwa wameshapita, wakakuta bendera na sahani tupu, wakawapa sifuri. Ufaransa ikachukua ushindi na chapati.

Saa moja usiku dada akapiga.

"Sufuria langu lipo wapi?"

"Kalemie."

"Kalemie ya wapi?"

"Ya Kongo, dada."

Akanyamaza nikasikia anavuta kiti anakaa. "Na mfuniko?"

"Umeenda nalo."

"Haya. Boti ya kwenda huko inaondoka lini?"

"Sijui dada."

"We si ndo mwenyeji wa kule? Ulizia, afu kata tiketi."