Ndege ya Uani: Nani Aikague Kabla Bawa Halijafungwa?

Meli ya Liemba ililetwa Kigoma ikiwa vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari, ikapanda reli mpaka huku. Mafundi watatu kutoka kiwandani walikuja nayo, na kwa mikono ya vibarua wengi ikapigwa ribiti upya ufukweni, ikashushwa ziwani 1915. Kwa hiyo mpwa wangu, fundi wa kuchomelea pale Mwanga, aliponiomba kona ya uwanja wangu hapa Ujiji aunde ndege ya viti viwili, sikuona ajabu kama walivyoona wengine. Mji huu umewahi kuunganisha chombo kikubwa kuliko hicho.

Hata hivyo nyumbani tumegawanyika. Vijana wanauliza kwa nini Mzungu akiunda ndege gereji kwake aitwe mvumbuzi, wa kwetu aitwe kichaa. Dada yangu, mama wa kijana, alipiga simu kutoka Tabora akasema neno moja: "Kaka, pikipiki ikizima unaisukuma. Hiyo ikizima ataisukuma wapi?" Nimekaa na maswali hayo mawili kwa miezi kadhaa, na naona yote mawili yana haki yake.

Nianze na vijana. Ndege ya kwanza yenye injini kuruka ikiongozwa na mtu, tarehe 17 Desemba 1903, ilitoka kwa mafundi baiskeli. Ndugu Wright walikuwa na duka la baiskeli Dayton, Ohio, na injini yao ilitengenezwa na fundi wao, Charlie Taylor, kwa muda wa wiki sita hivi. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol, fundi wa kijijini Minnesota, alirusha ndege ya mbao yenye injini ya gari la Ford, na michoro yake watu wanaiundia ndege hadi leo. Sheria ya Marekani inamruhusu raia kuunda ndege yake mwenyewe, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye yeye kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Kampuni moja tu, Van's Aircraft ya Oregon, imeshauza vifaa vilivyozaa ndege zaidi ya 11,000 zilizokwisha kuruka, nyingi zikiwa zimeungwa kwenye mabanda ya kuegeshea magari.

Tena si Marekani peke yake. Mwaka 2019 wanafunzi wa Afrika Kusini waliunganisha ndege aina ya Sling 4, na vijana wenzao wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo. Rubani mmoja alikuwa binti wa miaka 17. Anayesema mkono wa Mwafrika hauwezi kazi hii hajaangalia.

Faida nyingine hutajwa mara chache, nayo ndiyo inayonivuta mimi. Ndege ya viti viwili ya bati la alumini hula saa 1,500 hadi 2,000 za kazi. Kijana akiipa saa mbili kila jioni, ni miaka miwili hadi karibu mitatu. Katika miaka hiyo atajifunza kusoma mchoro kwa usahihi wa sehemu ya milimita, kulinda chuma na kutu, kupima kabla ya kukata, na kuikataa kazi yake mwenyewe inapokuwa mbaya. Hata asiporuka, fundi wa namna hiyo Kigoma tunamhitaji.

Sasa nije kwa dada yangu, maana hoja zake zina uzito mkubwa kuliko hofu ya mama.

Kwanza ni vifaa. Kijana alitaka kuanza na alumini anayoijua, ile ya madirisha. Aloi ya madirisha inapendeza na haishiki kutu, lakini nguvu yake haifiki nusu ya aloi inayotumika kwenye ngozi ya ndege, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Akafikiria mbao, kwa kuwa tuko jirani na miombo. Mninga ni fahari yetu, ila kwa ujazo uleule una uzito wa karibu mara moja na nusu ya msprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi unaotumiwa na waundaji wa ndege za mbao. Bolti za dukani nazo hazina ushahidi wowote wa nguvu zake. Kwa maneno mengine, kitu ambacho mtaa wetu hauna ni vifaa vyenye vyeti. Hivyo vinaagizwa kwa dola, na injini peke yake inaweza kula akiba ya miaka.

Pili ni hewa. Ndoto yake ni kuruka kwenda kumwona mama yake Tabora, safari ya kilomita 400 na kidogo kwa reli. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana mwezi Oktoba, joto likifika nyuzi 32, hewa yake huwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa mita 2,100, na injini ya kawaida isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hubaki na asilimia 80 hivi ya nguvu zake. Bawa nalo hudai njia ndefu zaidi ya kukimbilia kabla ya kunyanyuka. Ndege iliyotua salama asubuhi inaweza kushindwa kuondoka mchana, mtu yuleyule, mzigo uleule.

Halafu kuna barafu. Watu hapa walicheka niliposema kabureta inaweza kuganda Kigoma. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, na joto la humo linaweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Hewa ikiwa na unyevu kama huu wa ziwani, maji huganda mlemle na injini huishiwa pumzi, nje kukiwa na joto la nyuzi 28. Fundi pikipiki hodari anaweza kuifungua injini hiyo baadaye na asikute kosa lolote, maana barafu imeshayeyuka.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwangu, ni kosa lililojificha. Mfaransa Henri Mignet alibuni mwaka 1933 ndege ndogo iliyoitwa Pou-du-Ciel ili mtu wa kawaida ajiundie nyumbani. Mamia waliunda, wengi kwa uangalifu mkubwa, na baadhi wakafa. Ilipopimwa kwenye mahandaki ya kupulizia ndege upepo, Ufaransa na Uingereza, ilionekana kwamba ikiinamisha pua kupita kiasi haiwezi kuinuka tena. Waliokufa hawakuwa mafundi wabovu. Mchoro wenyewe ulikuwa na kasoro isiyoonekana.

Takwimu zinamuunga mkono dada yangu. Mwaka 2011 ndege za kujiundia zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za Marekani, lakini zilihusika katika asilimia 21 ya ajali za ndege hizo zilizoua. Na huko wana vifaa, wana warusha ndege wazoefu, na majaribio ya mwanzo hufanywa mbali na makazi. Jirani yangu hapa Ujiji hajaomba chochote kipite juu ya bati lake.

Kwa hiyo azuiwe? Nasema hapana, ila vijana na dada yangu wote wananionyesha pengo lilelile: ukaguzi. Mtaani tunazoea kumshangilia fundi wa namna hii siku chombo kimeshapakwa rangi. Siku hiyo bawa limeshafungwa, na mkaguzi akija ataona rangi tu. Ndiyo maana Uingereza chama cha waundaji kina wakaguzi wanaoitazama kazi hatua kwa hatua, na Marekani chama cha EAA, kilichoanzishwa 1953, kina washauri wa kujitolea wanaotembelea karakana kabla bawa halijafunikwa. Mwimbaji John Denver alifariki Oktoba 1997 katika ndege aliyoinunua kwa mtu mwingine. Aliyeiunda alikuwa ameihamisha swichi ya kuchagua tangi la mafuta kutoka mahali mchoro ulipoiweka, akaipeleka nyuma ya bega la rubani. Jicho la pili lingeuliza karakanani: akiwa angani, rubani ataifikiaje?

Kwetu hakuna ndege inayoruka kihalali bila usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na ni sawa. Ninachotamani ni mamlaka hiyo imwone fundi akiwa kwenye hatua ya mbavu za bawa, siyo hatua ya rangi. Wapo wahandisi wa matengenezo ya ndege wanaofundishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na Kigoma ina chuo cha VETA. Mhandisi mmoja kuja mara tatu katika miaka mitatu ni gharama ndogo kuliko msiba mmoja.

Kona ya uwanja nimempa, kwa masharti yaliyomridhisha dada yangu nusu. Atatumia mchoro ambao umesharuka miaka mingi, si wa kubuni. Atamwandikia TCAA sasa, kabla ya kukata kipande cha kwanza cha ndege yenyewe. Bawa litabaki wazi mpaka mtu mwenye leseni aliangalie.

Ameanza na ubavu mmoja tu wa bawa, wa majaribio. Jumamosi tutaupakia mifuko ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, mpaka uvunjike, halafu tuandike daftarini umevunjikia kilo ngapi.