Mwaga jamvi kwanza, lifti ya jipsamu baadaye

Nyumba ya vyumba vitatu yenye dari la mita za mraba 90 inakula bodi za jipsamu kama 35, ukihesabu na zitakazokatwakatwa. Bodi moja ya mita 1.2 kwa 2.4, yenye unene wa milimita 12, ina kilo 25 hivi. Zidisha uone: kilo 875, karibu tani nzima. Tani hiyo, kuanzia Mikindani mpaka Masasi na kupanda Lindi, bado inafika darini kwa vichwa vya watu. Saidia fundi wawili wanasimama juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa, bodi utosini, shingo imekaza, na fundi anahangaika kutafuta mbao ya kupigia skrubu kwa sababu hakuiwekea alama ukutani kabla bodi haijaifunika.

Lifti ya jipsamu ipo kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini mafundi wengi walioigusa wanaishia kuiegemeza ukutani na kurudi kwenye mapipa, wakisema inachelewesha. Naamini hawasemi uongo. Inachelewesha kweli, na kosa si la mashine. Tunaipeleka kwenye chumba ambacho hakijawa tayari kuipokea: chini ni kifusi kilichoshindiliwa nusunusu, jamvi, yaani zege la sakafu, halijamwagwa, na mwenye nyumba ameshalipia bodi kwa kuwa fedha za korosho zimeingia na anataka dari lionekane kabla hazijaisha.

Hoja yangu ni hiyo: jamvi litangulie, dari lifuate. Mengine yote kuhusu lifti hii yanasimama juu ya hilo.

Kwa asiyeijua, lifti ya jipsamu ni stendi ya miguu mitatu yenye magurudumu, juu yake mlingoti wa vipande vinavyoingiana, winchi yenye usukani wa kuzungusha kwa mkono, na juu kabisa kitanda chenye mikono ya kubebea bodi. Waya wa chuma unatoka kwenye winchi, unapita kwenye makapi (vigurudumu vyenye mfereji wa kupitishia waya), unavuta vipande vya mlingoti kimoja baada ya kingine. Aliyewahi kupandisha tanga ataielewa mara moja. Ile ya kawaida inafika mita 3.35 na imepimiwa kilo 68. Dari nyingi za huku ziko kati ya mita 2.7 na 3, kwa hiyo urefu unatosha bila kuongeza kipande.

Sasa turudi chini. Chukulia miguu ya stendi imeachana mita moja. Gurudumu la upande mmoja likizama sentimita 3 kwenye kifusi, mlingoti uliopanda mita 3 unasogea pembeni sentimita 9 kule juu. Kule juu ndiko kilo 25 ziliko, zimelala kama mlango, na anayezungusha usukani amesimama chini yake. Mafundi wengine wanaweka kipande cha tofali chini ya gurudumu lililozama. Hapo ndipo pa kusimamisha kazi, maana gurudumu litateleza kwenye tofali bodi ikisukumwa kidogo tu. Ikiwa hakuna namna na lazima ufanye juu ya kifusi, laza plaiwudi ya milimita 18 chumba kizima, pima maji pande zote mbili, ndipo uingize lifti. Nusu ya chumba haisaidii, kwa sababu lifti inatembea.

Wapo wanaojibu kwamba sakafu ikitangulia itachafuliwa na poda na kuchunwa na magurudumu. Hilo ni kweli kwa vigae, na vigae vibaki mwisho. Jamvi la zege halijali poda. Tena kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana: zege bichi linatoa maji mengi hewani. Ukifunga dari la jipsamu, kisha ukamwaga jamvi la sentimita 7 au 10 chini yake, madirisha yamezibwa kwa maboksi, unyevu wote ule unapanda kwenye bodi. Jipsamu hunywa maji, hulegea, na katikati ya mbao mbili hushuka tumbo. Fundi atalaumiwa, bodi italaumiwa, mvua za Januari zitalaumiwa. Mwaga jamvi, limwagilie maji siku saba, lipe muda likauke madirisha yakiwa wazi, ndipo uagize lori la bodi. (Na hapa linauma kidogo: mawe ya jasi yanachimbwa huku kwetu Kilwa, lakini bodi nyingi zinapanda lori Dar es Salaam na kutembea kilomita zaidi ya 500 kuja Mtwara, kona zimeshabonyea kabla ya kushushwa.)

Kuiunganisha lifti hakuhitaji spana nyingi, kunahitaji utaratibu. Anza na stendi. Fungua miguu yote mitatu mpaka kila mmoja ujifunge kwenye pini yake, kisha ukanyage na kuutikisa mmoja mmoja. Mguu uliofunguka bila kujifunga husimama vizuri ukiwa mtupu, halafu hukunjika mzigo ukifika. Simamisha mlingoti juu ya stendi watu wawili, mmoja akishika stendi isitembee. Lifti nzima ina kilo arobaini na kitu, na mtu mmoja anayejaribu kuisimamisha peke yake kwa kawaida hubana kidole kati ya mlingoti na stendi. Kitanda kinafuata, kikiingia kwenye kichwa cha mlingoti mpaka kikae chini kabisa, na pini yake ipite upande wa pili. Pini ikipotea isizibwe na msumari wa inchi nne. Msumari ni chuma laini, unapinda, na siku ukikatika kitanda kinazunguka na bodi yake. Mwisho chomeka mikono ya pembeni na uhakikishe kulabu za kushikia ukingo wa bodi zinacheza.

Kabla ya kupakia chochote, zungusha usukani mpaka mlingoti upande wote, kisha ushushe. Sikiliza. Makapi yenye kutu hulia, na waya uliotoka kwenye mfereji wake hukwaruza. Kwa ukanda wetu wa pwani huu ndio ukaguzi ninaoupa uzito kuliko wote. Lifti iliyolala nje Shangani au Rahaleo, hapa Mtwara mjini, kwa msimu mmoja, ikipigwa na hewa ya chumvi, waya wake huoza kutoka ndani kabla ya nje kuonekana. Pitisha kitambaa kinene kwenye waya wote, usipitishe mkono mtupu: nyuzi zilizokatika zitanasa kitambaa. Ukikuta uzi umekatika, au waya umejikunja na kuacha kovu, badilisha wote kwa waya wa unene uleule. Waya wa klachi ya pikipiki hauwezi kazi hii, hata kama unafanana kwa macho, na waya wa kufungia nondo ndio kabisa usiongelee. Mlingoti ukiwa chini kabisa, kwenye ngoma ya winchi pabaki angalau mizunguko mitatu ya waya, kwa sababu mizunguko hiyo ndiyo inayobeba mvuto badala ya kile kibano kidogo cha mwisho.

Makapi yapewe mafuta kidogo, breki ya winchi isipewe hata tone. Breki iliyopakwa grisi na kijana mwenye nia njema ni hatari kuliko breki iliyochakaa, maana ile iliyochakaa huanza kuteleza kidogokidogo na unaijua.

Kupakia kunafanyika ndani ya chumba chenyewe, mlingoti ukiwa chini kabisa. Inamisha kitanda upande mmoja, egemeza bodi kwenye kulabu, uso mzuri ukielekea kitanda. Wanaoanza hukosea hapa: wanataka uso mzuri wauone wao, bodi ikilala inakuwa imegeuka, na mgongo wenye maandishi ya kiwanda ndio unaochungulia sebuleni. Katikati ya bodi ikae katikati ya kitanda kwa urefu. Kisha ilaze, hakikisha kitasa cha kitanda kimejifunga, ndipo uisogeze mahali pake ikiwa bado chini. Bodi ikishapanda, lifti isogezwe kwa sentimita chache tu za kulenga, taratibu, kwa kushika stendi karibu na chini na siyo kusukuma mlingoti. Kuvuka nayo chumba kizima bodi ikiwa mita 2.5 juu, ati kuokoa muda, ndiko kunakoiangusha.

Na ibebe bodi moja. Najua hesabu inakubali mbili: 25 na 25 ni 50, chini ya 68. Lakini bodi ya juu haina kulabu inayoishika, inateleza juu ya mwenzake kama sahani iliyolowa.

Zungusha mpaka bodi ibaki vidole viwili kufika kwenye mbao. Linganisha kingo, kisha malizia. Ikigusa, ongeza robo mzunguko, basi. Kuna tabia ya kukaza usukani mpaka mbao za inchi 2 kwa 2 ziinuke, fundi akiamini anaisawazisha dari. Anachofanya ni kuficha mbao iliyopinda, hasa paini iliyonunuliwa mbichi, na lifti ikitoka mbao inarudi ilikokuwa na kuvuta vichwa vya skrubu kupenya karatasi. Dari inasawazishwa kwa uzi na pima maji kabla bodi ya kwanza haijaingia ndani.

Skrubu zianzie katikati kwenda kingoni. Mbao zikiwa kila sentimita 40, bodi nzima inapita kwenye mistari saba, na skrubu kila sentimita 20 zinafanya 49. Si lazima zote zipigwe lifti ikiwa juu, lakini nne za pembeni hazitoshi hata kidogo. Piga angalau tatu kwa kila mbao, jumla 21, ndipo uguse breki. Kichwa cha skrubu kizame kidogo bila kupasua karatasi. Karatasi ikipasuka, skrubu hiyo ihesabu kuwa haipo, na piga nyingine pembeni yake.

Kushusha ndiko kunakovunja watu mikono. Mkono mmoja ushike usukani kwa nguvu kwanza, wa pili ndio ulegeze breki, na ushushe kwa kuzungusha. Anayelegeza breki kabla ya kushika usukani anauona unazunguka kwa kasi kama feni, na silika inamwambia audake. Asiudake. Aachilie breki ijifunge au arudi nyuma. Hapa pia ndipo kandambili zinapolipiwa, kwa sababu stendi ikitikisika gurudumu hutafuta kidole cha mguu. Viatu vigumu, miwani ya vumbi kwa anayepiga skrubu, na kofia ngumu kwa kila aliye chini ya bodi.

Nyaya za umeme zilizoning'inia kusubiri taa nazo zizimwe kwenye swichi kuu na ncha zake zifungwe tepu. Lifti yote ni chuma, na anayezungusha usukani ndiye wa kwanza kupigwa.

Kuna mahali pa kuiacha nje. Korido ya mita moja haipokei miguu mitatu ikiwa imefunguka yote, na kuikunja nusu mguu mmoja ili ipenye ni kuondoa kile kinachoisimamisha. Choo na stoo vivyo hivyo. Huko tumia miega miwili ya umbo la T, ya mbao 2 kwa 2, mirefu kuliko dari kwa sentimita 2 au 3 ili ijibane yenyewe, na bodi iliyokatwa vipande vifupi. Kwa chumba kidogo cha bodi za milimita 9, watu wawili na miega hiyo wanakwenda sawa na lifti, na sioni aibu kusema hivyo mbele ya wanaoikodisha.

Anayekodi aombe aifungue na kuipandisha mbele ya mwenye nayo, mlingoti wote, siyo kuipokea ikiwa imekunjwa kwenye bajaji. Na kwenye makubaliano na fundi, tarehe ya kumwaga jamvi iandikwe juu ya tarehe ya kuleta bodi, zikiachana wiki tatu au zaidi. Fundi akisema siku hizo zitampotezea kazi, mwambie aanze kupiga mbao za dari na kuzisawazisha kwa uzi. Kazi hiyo haihitaji lifti, na hufanyika vizuri zaidi bodi zikiwa bado dukani.