Mshale wa Kutoka Pwani: Ramani za Kuenea kwa Utamaduni Zinafundisha au Zinapotosha?

Mwalimu wa jiografia hapa Tanga anapofika kwenye mada ya kuenea kwa utamaduni, mara nyingi huchora ubaoni umbo la Afrika Mashariki, akatia nukta chache pwani, kisha akavuta mshale mmoja mnene kuelekea bara. Pembeni yake huandika: Kiswahili, Uislamu, kanzu, biashara. Wanafunzi hunakili, na mtihani ukija huurudisha mshale uleule. Nimesahihisha michoro ya namna hiyo kwa miaka mingi na sijawahi kumnyima mwanafunzi alama kwa sababu yake, ingawa kadiri siku zinavyokwenda ndivyo unavyozidi kunikera.

Wanaoutetea mshale huo wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Ramani ni ufupisho, na ramani inayokataa kuacha chochote haisomeki. Mtoto wa kidato cha pili anahitaji kwanza ashike wazo lenyewe, kwamba mambo ya watu yana mahali yalipoanzia, yana njia yaliyopitia, na kwa kawaida hufifia kadiri umbali unavyoongezeka, kabla hajaanza kuelezwa yasiyofuata kanuni. Tena mshale huo si uongo mtupu: misafara ilitoka kweli Tanga, Pangani, Bagamoyo na Kilwa, na lugha iliyotumika njiani ilikuwa Kiswahili.

Hata hivyo, mji huu una kisa chake cha ramani, na kila upande wa mjadala unaweza kukitumia. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Johann Jakob Erhardt, alikaa Tanga kwa miezi kadhaa akiwahoji watu wa misafara ya pembe za ndovu kuhusu nchi za ndani ambazo yeye hakuwahi kuzifika. Waliopita njia ya kaskazini, waliopita njia ya kati na waliotokea kusini, wote walisema kwamba safari huishia kwenye maji makubwa. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann wakahitimisha kwamba maji hayo ni mamoja, wakachora ziwa moja kubwa ajabu, lililojikunja kama koa katikati ya bara, na ramani hiyo ikachapishwa Ulaya mwaka 1856. Leo tunajua kwamba maji hayo ni ya maziwa matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Mtetezi wa ramani sahili atasema, na atakuwa na haki, kwamba koa yule ndiye aliyewasha mjadala uliochangia wavumbuzi Waingereza, Burton na Speke, kuondoka pwani mwaka 1857 kwenda kutafuta ukweli, kwa hiyo kosa lililochorwa wazi lilifaa kuliko ukimya. Lakini tazama pia kosa lilitokea wapi. Wasafiri hawakudanganya, kwa kuwa kila mmoja alieleza kwa usahihi mwisho wa njia yake. Kosa lilikuwa la aliyeunganisha.

Mshale wetu wa ubaoni una kasoro hiyohiyo, kwa maana unaunganisha safari nyingi, za nyakati na za watu mbalimbali, kuwa mstari mmoja. Hilo halina maana kwamba kila mshale ni batili. Uko mmoja ambao ningeuchora bila kusita, nao ni wa mkonge. Asili ya mmea huo ni Meksiko. Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Hapo tunamjua aliyebeba, tunaijua njia, tunaujua mwaka, na hata idadi tunayo. Mshale wa namna hiyo umelipiwa kwa ushahidi.

Ila mkonge haukuja peke yake, na hapa ndipo mchoro unapoanza kuelemewa. Mashamba yalihitaji watu, na watu wakaletwa kwa maelfu kutoka Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko, wakiandikwa namba na kwa hiyo kuitwa manamba. Baada ya 1944 ilikuwapo hata ofisi maalumu ya kuwaajiri, SILABU. Wanajiografia huita jambo hilo kuenea kwa kuhama, yaani utamaduni husafiri ndani ya mtu mwenyewe na kutua naye anapotua. Wengi hawakurudi kwao. Ngoma zao, vyakula vyao na majina yao yamebaki katika kambi za Muheza na Korogwe, na wajukuu wao leo ni watu wa Tanga wasiohitaji kujieleza. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuongeza kwenye mchoro wake mshale wa pili, mwembamba, unaotoka Kigoma kuja Muheza, na kando yake akaandika neno moja: babu. Mwongozo wa kusahihishia haukuwa na nafasi ya jibu hilo. Nilimpa alama, na nilijua kwamba msahihishaji mwingine angeweza kumnyima bila kukosea kanuni.

Muziki unatatiza zaidi. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba taarabu iliingia Zanzibar kutoka Misri kwa hisani ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kisha ikashuka ngazi kwa ngazi, kutoka jumba la mfalme hadi vikundi vya mjini na hatimaye miji ya mwambao. Huko ndiko kuenea kwa ngazi, na hadi hapo mshale unatosha. Lakini katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Tanga, Black Star na Lucky Star, vikiwa na waimbaji kama Shakila, viliacha ukubwa wa okestra ya fidla na kanuni (ala ya nyuzi), vikaingiza gitaa na gitaa la besi na mwendo uliokaribia dansi, na mtindo huo ukavuka hadi Mombasa. Mji uliotarajiwa kupokea tu ukawa chanzo. Asiyeweza kuonyesha hilo kwenye ramani yake, nashindwa kuona amemfundisha mtoto nini kuhusu Tanga.

Kuhusu mipaka nitasema machache. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari unaoanzia pwani karibu na mto Umba kwenda hadi Ziwa Victoria, ukiizunguka Kilimanjaro, na mstari huo ukawapita Wadigo katikati. Ramani ya nchi iko sahihi, na ramani ya Kidigo nayo iko sahihi, ila hazifanani. Anayevuka mpaka Horohoro kwenda mazikoni Lunga Lunga, upande wa Kenya, anaishi katika ramani zote mbili siku hiyohiyo.

Mfano mgumu kuliko yote ni Kiswahili chenyewe. Ukirudi nyuma vya kutosha, mshale unageuka, kwa kuwa sarufi ya lugha hii ni ya Kibantu na wasemaji wa lugha zilizoizaa walitoka upande wa bara kuja pwani. Ukija karibu zaidi, unakuta kwamba Kiswahili hakikuenea bara kama maji yanavyotambaa mchangani. Kiliruka kutoka kituo hadi kituo, kwa makarani waliosomeshwa katika shule ya serikali ya Wajerumani hapahapa Tanga, na kwa maakida waliopelekwa kutawala bara, huku vijiji vilivyokuwa katikati vikiendelea na lugha zao.

Kwa hiyo nimefika mahali ambapo siutaki mshale ufutwe, kwa sababu ukifutwa kinachobaki ni orodha ya makabila na vyakula vyao, na hilo ni baya zaidi. Ninachodai ni kwamba usiruhusiwe kukaa ubaoni bila mwaka na bila jina la aliyebeba, na ukishindwa kupata viwili hivyo, uchorwe kwa nukta nukta, jinsi wachoraji wa ramani wanavyochora mto wasio na hakika nao. Hilo linawezekana hata ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40.

Kuna jambo moja tu ambalo bado sijapata namna ya kulichora. Pwani ya kusini mwa mji huu, kuanzia Tongoni, ina lahaja yake, Kimtang'ata. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano wa Mombasa wa 1928, lugha ya vitabu ilianza kurudi pwani kupitia shule, na watoto wa Kimtang'ata wakawa wanasahihishwa maneno ya nyumbani kwao. Huo ni mshale unaoelekea pwani, na unapofika hauongezi kitu kwenye ramani, unaondoa. Mpaka sasa ninachofanya ni kuacha duara tupu mahali hapo na kuuliza darasani nani ana bibi wa Tongoni.