Nipeni Roots, hizo nyingine chukueni

Nyumbani kwetu muziki wa kantri ulikuwa Jim Reeves, Jumapili asubuhi, basi. Don na Phil Everly, ndugu wawili waimbaji wa Marekani (The Everly Brothers), niliwajua ukubwani, tena kwa vibao vile vile anavyovijua kila mtu: Bye Bye Love na Wake Up Little Susie, vya mwaka 1957. Vitamu, sikatai. Lakini mtu akiniuliza leo aanzie wapi kwa ndugu hawa, namwambia aachane na mikusanyiko ya vibao, atafute albamu yao Roots ya 1968.

Najua wajuzi watanipinga. Kila anayesimulia jinsi kantri ilivyooana na roki huanza na bendi ya The Byrds na albamu yao Sweetheart of the Rodeo, iliyotoka Agosti mwaka huo huo. Albamu nzuri ile, ila ni ya vijana waliokwenda kantri kama wageni. Don na Phil walilelewa humo. Baba yao, Ike, alikuwa mchimba makaa ya mawe wa jimbo la Kentucky aliyelimudu gitaa kuliko sururu. Akaingia redioni na mkewe Margaret, na watoto wakaimbishwa hewani wangali wadogo.

Roots inaanzia hapo hapo, kwa kipande cha kipindi cha redio cha familia yao cha mwaka 1952. Don ana miaka 15, Phil 13. Mara unaingia wimbo Mama Tried wa mwanakantri Merle Haggard, na wale watoto ni watu wazima wanaoimba habari za mfungwa anayekiri kuwa mama alijitahidi kumlea, kichwa ngumu kilikuwa chake. Wapo wanaoona vipande hivyo vya redio ni mbwembwe za prodyuza Lenny Waronker. Kwangu ndivyo vinavyoibeba albamu. Ukishawasikia wakiwa watoto, kila neno wanalolitamka baadaye lina umri.

Na zile sauti! Don chini, Phil juu yake kidogo tu, wamegandana kama chanda na pete hadi hata pumzi wanavuta pamoja. Jaribu kumfuata Phil peke yake: utakuta anachoimba ni wimbo kamili, wala si kiitikio cha kumsindikiza kaka.

Sikiliza I Wonder If I Care as Much. Waliutunga wenyewe, na mwaka 1957 ulikuwa upande wa pili wa santuri ya Bye Bye Love. Hapa wameurudia polepole, umekuwa mzito, magitaa yanatisha kidogo. Kijana wa 1957 alikuwa ameachwa na mpenzi. Huyu wa 1968 ameachwa na mengi zaidi.

Si kila kitu ni dhahabu. Wimbo Ventura Boulevard wa mtunzi Ron Elliott unapendeza, lakini unanukia Los Angeles kuliko Kentucky, nami huuruka mara nyingi.

Albamu haikuuza, hata kwenye chati haikuingia. Don alikuwa na miaka 31, Phil 29, na soko lilikwisha waona wazee! Miaka mitano baadaye waligombana jukwaani huko California, Phil akavunja gitaa lake na kuondoka, na ikapita miaka kumi hivi kabla hawajasimama pamoja tena. Watu wakabaki kukumbuka vibao na ugomvi, Roots ikasahaulika katikati.

Wimbo mkubwa wa mwisho ni Sing Me Back Home, wa Haggard pia. Mfungwa anapelekwa kunyongwa, anaomba rafiki yake mwenye gitaa amwimbie wimbo aliouzoea zamani, umrudishe nyumbani kabla hajafa. Wanauimba bila kulialia. Ukiisha tu, mkanda wa 1952 unarudi, na wanaomwitikia yule mfungwa ni hao hao, wakiwa watoto, na baba na mama pembeni yao.