Kura iliyoharibika inamsaidia nani?

Baada ya uchaguzi wa Januari 2026, kijana mmoja kwenye steji ya bodaboda hapa Busia, upande wa Uganda, alinieleza alivyopiga kura. Alipanga foleni, akapewa karatasi, akainama juu ya besheni la kupigia kura na kuwawekea tiki wagombea wote wanane. "Mzee, wangu hakuwepo," akasema. Siwezi kumwita mzembe. Mzembe angelala nyumbani.

Ana sababu. Yoweri Museveni yuko madarakani tangu 1986, kabla kijana huyu hajazaliwa. Ukomo wa mihula uliondolewa kwenye katiba mwaka 2005, na ule wa umri wa miaka 75 mwaka 2017. Kizza Besigye, mpinzani aliyegombea urais mara nne, safari hii alikuwa rumande. Anayetaka urais hulipa shilingi milioni 20 na kukusanya sahihi 100 kwa kila wilaya, katika angalau theluthi mbili ya wilaya zote. Karatasi inamfikia mpiga kura ikiwa imeshachujwa.

Kwa hiyo wapo wanaosema kushiriki ni kuubariki mchezo. Hukumbusha kwamba mwaka 2001 na 2006 Mahakama ya Juu ilikiri sheria za uchaguzi zilivunjwa, lakini majaji wengi wakayaacha matokeo yasimame. Hoja hiyo ni nzito, na watu wanaiitikia kwa miguu yao: mwaka 1996 waliojitokeza walizidi asilimia 72, mwaka 2026 walikuwa kama 52.

Ninachogombana nacho ni hesabu. Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya asilimia 50 ya kura halali, la sivyo kuna duru ya pili. Chukulia nchi nzima ni kituo kimoja cha watu 100: 50 wanamtaka wa kwanza, 40 wa pili, 10 wamekasirika. Hao kumi wakiharibu kura au wakibaki nyumbani, wa kwanza ana 50 kati ya 90, zaidi ya asilimia 55, na kazi imekwisha. Wakimpa mgombea yeyote mdogo, wa kwanza anabaki na asilimia 50 kamili, haitoshi, na nchi inarudi kupiga kura. Hasira ileile, matokeo mawili tofauti kabisa.

Na si kura chache. Mwaka 2021 zilizoharibika zilipita 380,000, nyingi kuliko za Patrick Amuriat aliyeshika nafasi ya tatu. Zingine ni makosa tu, tiki iliyovuka mstari. Ni ngapi zilikuwa hasira, karatasi haisemi.

Nakubali duru ya pili haijawahi kutokea Uganda, na asiyeamini majumlisho ya mwisho hatatulizwa na hesabu yangu. Simlaumu. Lakini kituoni kura huhesabiwa hadharani, kila karatasi ikiinuliwa na jina kutajwa kwa sauti, majirani wakisikia. Hata mgombea wa mwisho jina lake husikika. Karatasi ya kijana yule nayo iliinuliwa jioni ile, tiki nane, ikatangazwa kuwa imeharibika na kuwekwa kando pamoja na za waliokosea.